Boksi la Daraja la Pili

Katika kitengo cha madai cha hospitali ile walikaa makarani sita ndani ya chumba chenye feni moja, na kazi yao ilikuwa kugeuza magonjwa kuwa namba. Daktari akishaandika maneno yake, wao huandika msimbo: tarakimu za kipimo, tarakimu za sababu, idadi, sahihi. Bima haisomi maneno. Inasoma msimbo, na msimbo ukikosewa mgonjwa anakwama hata kama daktari wake ameandika kurasa kumi za kumtetea.

Karani wa meza ya dirishani, mwanamke wa miaka arobaini na sita, aliitwa Nukta. Aliwahi kumrudishia daktari bingwa faili zima kwa sababu ya nukta moja iliyokosekana kwenye msimbo, na daktari huyo ndiye aliyembandika jina hilo kwa hasira mbele ya watu. Hasira ikapita, jina likabaki. Nukta hakulikataa. Alikuwa ameitwa mabaya zaidi, tena na watu wa nyumbani.

Jumatano saa tatu asubuhi faili la upandikizaji wa figo lilitua mezani kwake. Mafaili yalikuja kwa namba tu. Majina na tarehe za kuzaliwa vilikuwa ukurasa wa nne. Upasuaji ulipangwa Jumanne. Kibali cha bima kilikuwa kinaisha Ijumaa jioni, na kisipothibitishwa kabla ya hapo, nafasi nyingine ya chumba cha upasuaji ingekuwa baada ya wiki sita. Nukta akafungua ukurasa wa nne, akakutana na tarehe ya kuzaliwa ya mtoa figo. Hakuhitaji kusoma jina. Siku ile alikuwa na miaka tisa, na ndiye aliyetumwa kwenda kumwita mkunga.

Mtoa figo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Mgonjwa alikuwa mke wa mdogo wake, yaani wifi yake.

Kanuni ya kitengo ilikuwa wazi: mwenye undugu na mgonjwa hagusi faili, analifunga na kumpa wa jirani. Nukta aliijua kanuni hiyo kuliko aliyeitunga. Lakini kidole chake kilikuwa kimeshapindua ukurasa wa tano, ambao ni karatasi ya matumizi ya vitendanishi, yaani maboksi na dawa za kupimia, na jicho lake lilikuwa limeshaona kitu ambacho halikuweza tena kukiacha.

Kabla ya mtu kupewa figo ya mwingine, damu yake hupimwa kama ina kingamwili zitakazoishambulia figo hiyo. Chembe za mwili hubeba alama za ukoo, na alama hizo ziko madaraja mawili. Kila daraja lina boksi lake la vipimo: shanga ndogo kuliko vumbi, kila moja imepakwa alama yake. Damu ya mgonjwa huchanganywa na shanga hizo, na kingamwili ikinasa alama inayoichukia, shanga inawaka kwenye mashine. Boksi la daraja la kwanza lina namba yake ya toleo. La daraja la pili lina yake. Namba hizo haziwezi kufanana, kama vile watu wawili wasivyoweza kuwa na pasipoti moja.

Kwenye ukurasa wa tano, mistari yote miwili ilikuwa na namba moja.

Nukta aliisoma mara tatu. Halafu alifunua karatasi ya majibu. Daraja la kwanza: hakuna. Daraja la pili: hakuna. Msimbo ulioandikwa ulikuwa ule wa kifurushi, unaobeba madaraja yote mawili kwa pamoja. Kila kitu kilikuwa safi. Kilikuwa safi mno.

Akashuka maabara ya ulinganifu wa tishu, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, ambako mkuu wa maabara aliitwa Mheshimiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiinuka kwenye kiti ili kumpisha mtu.

"Karibu, Nukta," alisema bila kuinuka. "Leo nimesahau koma?"

"Mgonjwa wa Jumanne. Boksi la daraja la pili mlilifungua siku gani?"

"Si limelipiwa?"

"Sijauliza hilo. Nimeuliza mlilifungua lini."

Mheshimiwa akageuza kompyuta ili Nukta aone. "Huyu hapa. Kijani. Kitu kikiwa kijani kimekwisha."

"Na kinakuwa kijani wakati gani?"

Mheshimiwa akairudisha kompyuta upande wake. Msaidizi wake, aliyekuwa anaosha mirija kwenye sinki, aliacha kuosha. Wote watatu walijua jibu. Ilikuwa desturi ya maabara ile, ili kupunguza kazi, kuandika msimbo wa kifurushi mara tu boksi la kwanza linapofunguliwa. Kompyuta ikishapokea msimbo, inapaka ombi rangi ya kijani na kuliondoa kwenye orodha ya kazi. Wiki ile maboksi ya daraja la pili yalikuwa yamekwisha. Walisema watapima mzigo ukija. Mzigo haukuja, na ombi lilikuwa limeshatoka kwenye orodha. Karatasi ya majibu ikikuta nafasi tupu huchapa neno "hakuna". Karatasi ya vitendanishi haikubali nafasi tupu hata kidogo, kwa hiyo msaidizi alinakili namba ya boksi la kwanza ili imruhusu kuendelea. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kipimo kilisahauliwa kwa sababu kilishaandikwa kuwa kimefanyika.

"Sawa," Mheshimiwa alisema taratibu. "Tuseme ni kweli. Jumatatu tunafanya mchanganyo wa mwisho, damu yake na chembe za mumewe. Kama kuna ubaya utaonekana hapo."

"Mchanganyo wenu mnaufanya kwa chembe gani?"

Mheshimiwa alianza kupanga karatasi zake.

"Mnatumia chembe zisizobeba alama za daraja la pili. Imeandikwa kwenye msimbo wenu wenyewe. Mtachanganya, mtaona maji meupe, mtampeleka kisuni."

"Hee, karani ananifundisha maabara!" Mheshimiwa alimgeukia msaidizi wake kutafuta wa kucheka naye, hakumpata. Akamrudia Nukta, na safari hii alitabasamu. "Ngoja. Huyu si wifi yako? Si ndiye yule aliyekutolea vitu vyako barazani kwenye viroba?"

"Ndiye."

"Na wewe si ndiye uliyesema kwenye kikao cha ukoo kwamba figo ya mdogo wako haitatoka mwilini mwake kwa ajili ya mwanamke yule? Maneno yale yalifika mpaka huku, mama. Tena yalifika kabla ya chai."

"Ndimi."

"Basi rudisha faili. Rudisha tu. Hospitali nzima itajua umelirudisha kwa nini. Na mkuu wako nitamwambia mimi mwenyewe kwamba umefungua faili la ndugu yako."

"Mwambie. Anza na tarehe, asikusumbue kuiuliza." Nukta akachukua karatasi yake. "Boksi lipo hospitali ya upande wa pili wa mji. Nimeona kwenye madai yao."

"Siendi kuomba kwa watu kama mjane."

"Utakwenda."

Akapanda ngazi, akaketi, akaweka zuio. Zuio ni msimbo kama misimbo mingine, ila unafunga faili lote na haufunguki mpaka kinachodaiwa kiletwe. Kwenye nafasi ya sababu aliandika: kipimo cha kingamwili daraja la pili hakijafanyika, namba ya boksi imerudiwa. Chini yake aliandika: mwandishi ni dada wa mtoa figo na wifi wa mgonjwa. Akatia sahihi. Saa sita alikuwa na barua ya onyo mkononi, na faili limehamishiwa meza ya jirani. Lakini zuio lilibaki, kwa sababu jirani aliangalia zile namba mbili, akamwangalia Nukta, akasema, "Mimi na wewe hatupendani, lakini hili silitoi."

*

Wifi alikuja siku iliyofuata, siku ambayo hakuwa na zamu ya kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa mwanamke mrefu ambaye ugonjwa ulimkondesha mwili na kumvimbisha uso, na mkono wake wa kushoto ulifungwa bandeji, mahali ambapo mshipa wa tatu wa kumwunganisha na mashine ulikuwa unaanza kuziba kama ilivyoziba miwili ya kwanza. Madaktari walikuwa wamemwambia hakuna wa nne. Mumewe alimshika kiwiko. Walisimama mbele ya kioo cha kitengo cha madai, chenye tundu la kupitishia karatasi, na makarani watano wakainamia kazi zao kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana humo.

"Wifi, hujambo," mgonjwa alisema.

"Sijambo."

"Nimekuja nikuone. Nilitaka nione mtu anafananaje akiwa ameikalia roho ya mwenzake."

"Hujapimwa daraja la pili."

"Daktari anasema nimepimwa."

"Daktari amesoma karatasi."

"Na wewe umesoma nini, msahafu?"

"Karatasi hiyo hiyo. Ila mimi nimeisoma yote."

Mdogo wake akainamia tundu la kioo. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na saba, fundi wa majokofu, mpole kiasi cha kuudhi. "Dada. Ondoa hilo zuio. Mambo mengine tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" Nukta aliuliza. "Kwako sikanyagi, na kwangu hamji."

"Dada, nakuomba."

"Uombe usiombe, boksi halijafunguliwa. Sikiliza, na mkeo asikilize. Amezaa watoto watatu na wewe. Kila mimba, mwili wake ulikutana na alama zako ndani ya mtoto. Wanawake wengi miili yao husahau. Wengine haisahau, inatengeneza kingamwili na kuziweka. Halafu unakuja wewe, unampa figo iliyojaa alama hizo hizo. Ikikutana na kingamwili zake, inakufa pale pale mezani, kabla hawajamshona. Hapo anakuwa hana figo, na wewe unayo moja."

Wifi alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kilichomchosha, ikabidi ashike ukingo wa dirisha.

"Mmemsikia? Miaka minne ya kwanza alikuwa ananihesabia miezi. Alisema mdogo wake ameoa ukuta. Alikuja na dawa za mizizi kwenye kopo la maziwa, akaniwekea juu ya kabati mbele ya wageni. Leo kosa langu ni kuzaa mno! Wifi, hebu sema mara moja, ulitaka nizae wangapi ndiyo uridhike?"

Karani mmoja alikohoa. Nukta hakukohoa.

"Sijasema ni kosa. Nimesema ni damu, na damu inapimika."

"Ulisema mbele ya wajomba kwamba figo yangu haitoki," mdogo wake alisema. Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, jambo ambalo Nukta alikuwa amelisikia mara mbili tu maishani. "Ulisema ulinibeba mgongoni, ulinilisha, hukunilea ili nikatwekatwe kwa ajili ya mtu wa nje. Leo unaniletea hadithi ya shanga. Nikuamini vipi?"

"Nilisema, na bado ninasema. Lakini lile ni langu, na hili ni la maabara."

"Nani atayatenganisha?"

"Boksi."

Wifi akasogeza uso mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Nikipoteza Jumanne hii," alisema polepole, "na mshipa huu ukaziba kabla ya wiki sita, nataka uje mazishini. Usije ukajificha nyuma. Ukae mbele, watu wakuone."

"Nitakuja," Nukta alisema.

Mdogo wake alimwangalia kama mtu anayesoma tangazo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua. Akamshika mkewe kiwiko, wakaondoka taratibu, mguu kwa mguu, wakipumzika kila baada ya mlango mmoja. Nukta alirudi kwenye faili lililokuwa mbele yake, la mtoto aliyevunjika mkono, akakuta upande umeandikwa wa kulia wakati picha ni ya kushoto. Akalirudisha.

*

Mheshimiwa alikwenda kuomba boksi. Hakwenda kwa huruma. Zuio lilikuwa na jina la maabara yake, na kila aliyelifungua faili aliliona. Ijumaa asubuhi na mapema alikuwa upande wa pili wa mji, na saa nne shanga zilikuwa kwenye mashine. Saa tisa alasiri simu ya ndani ya meza ya dirishani ililia.

"Umefurahi?" Mheshimiwa alisema.

"Soma namba."

"Umefurahi kwanza?"

"Soma namba, Mheshimiwa."

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Shanga tisini na tano zimekaa kimya. Mbili zimewaka. Moja imewaka kidogo, si neno. Ya pili imefika elfu kumi na nne. Sisi tunaanza kuogopa kwenye elfu moja." Karatasi nyingine ikafunuliwa. "Na mumewe anayo alama hiyo. Nimeangalia mara nne."

Nukta aliiandika namba ile pembeni.

"Ningeandika hakuna," Mheshimiwa alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Nilikuwa nimeshaandika hakuna."

"Ulikuwa umeshaandika."

"Usidhani nakushukuru."

"Sikungojea."

Akakata simu. Upasuaji ulifutwa kabla ya jioni, na kibali cha bima kikaisha bila mtu kukithibitisha.

*

Jumatatu muuguzi mratibu wa upandikizaji aliwaita wanandoa wale, na mdogo mtu akamtumia dada yake ujumbe wa maneno mawili: Njoo usikie. Nukta alifika wakiwa wameshatoka ndani. Wifi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, macho makavu, bandeji mpya mkononi. Mumewe alisimama dirishani na karatasi.

"Ulijua," wifi alisema.

"Nilijua hujapimwa. Majibu sikuyajua."

"Lakini uliyataka."

Nukta angeweza kukataa. Mtu yeyote angekataa. Hata mdogo wake, pale dirishani, alikuwa amegeuka akimsubiri akatae. Lakini alilitazama swali lile kama alivyotazama kila kitu, akaona lina jibu moja.

"Ndiyo," alisema. "Niliyataka. Nilipoambiwa imewaka, moyo wangu ulitulia. Halafu nikakumbuka mshipa wako."

Kitoroli cha chakula kilipita na vyombo vyake vikilia. Wifi aliinua uso akamkazia macho, kwa muda mrefu.

"Miaka kumi na minne," alisema hatimaye, "leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia kitu bila kukizungusha. Basi nami nikwambie. Hata kama umeniokoa, sikupendi. Nikipona, hukanyagi kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Vizuri."

Mdogo wake akaja na ile karatasi. Muuguzi alikuwa amewaeleza njia nyingine. Kwa kuwa sasa alama ambayo mwili wa mgonjwa unaichukia imejulikana kwa jina, inawezekana kumtafutia mtu asiye nayo. Kuna wagonjwa wengine ambao ndugu zao wako tayari kutoa figo lakini hawalingani nao. Watu wa namna hiyo hubadilishana: figo ya huyu iende kwa mgonjwa wa yule, na ya yule ije kwa mgonjwa wa huyu. Siku moja, vyumba viwili vya upasuaji, bila kuonana. Mgonjwa anayelingana na mdogo wake, ambaye ndugu yake hana alama ile, alikuwa ameshapatikana kwenye orodha, na hospitali ya upande wa pili wa mji ilikuwa na nafasi baada ya siku kumi na mbili, kwa kibali kipya cha bima.

"Kwa hiyo utampa mtu usiyemjua," Nukta alisema.

"Ndiyo."

"Humjui kwa jina wala kwa sura. Mwizi, mchawi, yeyote tu."

"Mgonjwa," mdogo wake alisema. "Hilo moja ninalijua."

"Mimi sikubali."

"Sikukuuliza kama unakubali, dada." Hakupandisha sauti, ilikuwa imeshuka, imetua, na hiyo ndiyo ilimtisha. "Siku zote nimekuuliza. Nilikuuliza nisome nini, nilikuuliza nioe nani, ukakataa nikaoa nikiwa naona aibu. Hili nakuarifu. Nimekuita kwa jambo moja tu. Muuguzi ana wagonjwa kumi, ana haraka. Wewe una macho. Isome hii kabla sijaweka sahihi."

Akampa karatasi.

Nukta aliipokea, akasogea penye mwanga. Alianza juu kabisa, kwenye namba ya faili. Alilinganisha tarehe za kuzaliwa. Alilinganisha kundi la damu la mdogo wake na la mpokeaji, akalinganisha alama za daraja la kwanza, moja moja, kidole chini ya kila mstari, halafu za daraja la pili. Aliangalia namba za maboksi: mbili, tofauti. Aliangalia tarehe ya kila kipimo na sahihi ya aliyepima. Alikuwa anatafuta kosa, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na moja ya kazi yake alikuwa analiomba liwepo. Herufi moja ingetosha. Siku moja iliyopishana ingetosha. Angeirudisha karatasi, na wiki ingepita, na mdogo wake angepata muda wa kufikiri upya.

Alifika chini. Akarudi juu, akashuka tena.

Wifi, pale kwenye benchi, alikuwa ameacha kumtazama. Alikuwa amefumba macho, mkono wenye bandeji juu ya mapaja, anapumua kwa kuhesabu.

"Iko sawa?" mdogo wake aliuliza.

Muuguzi alitoa kichwa mlangoni, akaangalia saa yake, akasubiri.

"Dada. Iko sawa au haiko sawa?"

"Iko sawa," Nukta alisema, akamrudishia.